Mshumaa Ndani ya Pipa

Mshumaa ulikuwa kipande kifupi, kama kile kinachobaki mezani umeme ukirudi. Mtaalamu wa maabara aliusimamisha juu ya sahani ndogo za plastiki alizokuwa amezipanga ndani ya mtungi mpana wa kioo, akauwasha kwa kiberiti, kisha akafunga mtungi na kuuzungushia utepe mdomoni. Mwali ulisimama wima. Ukanywea, ukawa mdogo kama punje ya mtama, ukazimika. Nilikuwa nahesabu moyoni. Dakika moja haikuisha.

"Basi," alisema. "Hewa yao sasa ni ya kifuani."

Katika sahani mojawapo kulikuwa na kuvu iliyotolewa kwenye maji ya uti wa mgongo wa baba yangu.

Heri nianze mwanzo. Nimeripoti habari za mashambani kwa miaka mingi, kwa redio hasa, na ninaishi Homa Bay kwa sababu ya kazi hiyo. Nyumbani kwetu ni Kegonga, huko juu karibu na mpaka wa Tanzania. Sisi ni Wakuria, na baba tunamwita Tata. Tata ni mkulima wa mahindi na mboga, na katika maisha yake amependa vitu vichache kwa moyo wote: Sabato yake, ng'ombe wake wawili, na njiwa.

Njiwa aliwaweka darini, juu ya chumba anacholala. Sababu ilikuwa nzuri. Alijaribu kuwajengea kibanda uani, nguchiro wakawamaliza. Darini walikuwa salama, na dari yenyewe ilikuwa mbao zilizopangwa bila kubanana sana, kwa hiyo usiku angeweza kuwasikia. Kila baada ya miezi michache alipanda na ufagio mfupi, akakusanya mavi yaliyokauka ndani ya gunia, akayaweka kwenye sukuma wiki yake. Hakuna mtu Kegonga aliyekuwa na sukuma wiki ya majani mapana kama ya Tata. Waliomwuliza siri yake aliwaonyesha dari kwa kidole.

Kichwa kilianza kumuuma wakati wa palizi. Mama alidhani ni malaria, akamnunulia dawa ya malaria. Wiki ya pili akawa hataki mwanga, anafunga dirisha mchana. Wiki ya tatu alisimama mbele ya ng'ombe wake mmoja, yule mwekundu aliyemlea tangu ndama, akashindwa kumwita jina. Mama alinipigia simu siku hiyohiyo. Hakulia. Alisema tu, "Baba yako amesahau ng'ombe."

Nilimleta Homa Bay ili niwe karibu naye. Hospitalini walimlaza kwa ubavu, wakachukua maji ya uti wa mgongo kwa sindano, na jioni hiyo daktari, kijana aliyezungumza taratibu, alituambia kwamba ni homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu. Halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Mnafuga njiwa?"

Mama alinitazama. Nikamtazama mama.

Daktari alieleza kwamba kuvu hii hukaa kwenye mavi ya njiwa na kwenye udongo, na pia kwenye miti inayooza, na kwamba watu wengi huivuta puani bila kujua na wasipatwe na lolote. Mwili huimaliza. Tata mwili wake haukuweza. Tulipoulizwa anatumia dawa gani, mama alitoa kwenye mkoba pakiti isiyo na jina: tembe za maungo ambazo Tata alinunua sokoni kila wiki, miaka na miaka, kwa ajili ya magoti. Daktari alizigeuza mkononi akazirudisha. Alisema tembe za namna hiyo mara nyingi huwa na dawa inayolaza walinzi wa mwili. Goti linapona, na mlango unabaki wazi.

Matibabu yalikuwa mazito. Dawa ya kwanza ilipitia mshipani na ilimfanya atetemeke hadi kitanda kikagonga ukuta. Kila mara mama alimshika miguu. Tulijua bila kuambiwa kinachopiganiwa pale: Tata angerudi shambani, au angerudi Kegonga kuzikwa. Siku ya nane aliamka akauliza kama ng'ombe mwekundu amekamuliwa, na akamtaja jina. Mama alitoka nje akakaa kwenye ngazi peke yake.

Hofu ilipopungua, udadisi wangu wa kazini ulirudi. Nilikuwa na swali moja na nililiandika kwenye daftari: kuvu hii ikiwa darini, kwenye mavi makavu, ni kitu kidogo kisicho na ubaya. Ikiingia kifuani, inageuka. Inajuaje kwamba imefika?

Daktari aliniambia nikamwulize mtaalamu wa maabara. "Huyo ndiye anaishi nazo," alisema.

Alikuwa mama wa makamo, Mluo wa Mbita, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Nilipojitambulisha alinitazama kutoka juu hadi chini.

"Nyar Kuria," alisema, yaani binti wa Wakuria, na tangu siku hiyo hakuniita jina lingine. "Watu wa ng'ombe mmekuja kuuliza mambo ya ukungu?"

"Watu wa samaki wametuambia ndio wanaijua."

Alicheka, akanivutia kiti hadi mlangoni. Ndani zaidi hakuniruhusu.

Alinieleza kwa mpango, nami ninayaandika kama nilivyoyaelewa. Hewa ya nje, ile inayopita juu ya ziwa na juu ya dari yetu, ina hewa ya ukaa kidogo sana. Hewa ya ukaa ni ile tunayoitoa tukipumua. Ndani ya mwili wa mtu, kwenye mapafu na kwenye damu, ni zaidi ya mara mia moja ya ile ya nje. Kwa hiyo chembe ya kuvu ikivutwa puani, kwake ni kama mtu aliyetoka uwanjani akaingia kwenye jiko lililojaa moshi. Haiwezi kukosa kutambua.

"Lakini haina pua," nilisema.

"Haina. Hiyo hewa inapita kwa ngozi yake inaingia tu, haibishi hodi. Sasa ndani iko kimeng'enya moja, kazi yake ni kuchanganya hiyo hewa na maji haraka haraka. Unajua magadi, ile tunaweka kwa mboga ya kienyeji?"

"Naijua."

"Inatoa kitu kama ndugu ya magadi. Hiyo ndugu ya magadi ikijaa ndani, inagusa kimeng'enya ingine, na hiyo ingine ndiyo inapiga kelele. Inatuma ujumbe mpaka kwa kiini ya seli. Na kiini inasema: vaa koti."

Koti lenyewe alinionyesha. Alikuwa amedondosha wino mweusi kidogo kwenye kipande cha kioo pamoja na maji ya Tata, akakiweka kwenye hadubini iliyokuwa kando ya mlango. Niliinama. Usiku mweusi, na ndani yake miezi midogo, kila mwezi umezungukwa na duara la mwanga mpana kuliko mwezi wenyewe. Duara lile ndilo koti. Ni utando wa sukari wenye utelezi, na walinzi wa mwili wakijaribu kuimeza chembe iliyovaa koti, inawaponyoka.

Nilikaa pale nikitazama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Naona haya kidogo kukiri, lakini miezi ile ilikuwa mizuri kutazama.

Ndipo alipowasha mshumaa wake. Majibu ya Tata yalikuwa yameshatoka, matibabu hayakungoja sahani zile. Alikuwa anataka kuwaonyesha wanafunzi wake waliokuja mazoezini. Sahani moja ya kuvu ya Tata aliiacha kwenye hewa ya kawaida, nyingine akaifungia kwenye mtungi, zote mbili zikaingia kabati la joto. Hospitali kubwa zina kabati linaloongezewa hewa ya ukaa kutoka kwenye mtungi wa chuma. Lake lilikuwa la joto tu, kwa hiyo mshumaa ulikuwa njia yake. Mshumaa hula hewa safi, hutoa hewa ya ukaa, hujizima.

Siku chache baadaye aliniita nikaona miezi miwili bega kwa bega. Ule wa mtungini ulikuwa na duara pana zaidi. Nilianza kuandika.

"Usiandike ati tumethibitisha," alisema bila kugeuka. "Ni sahani mbili, na mshumaa wa duka. Watu wenye vyombo walishathibitisha kitambo. Sisi tumeona tu."

"Kwa hiyo inajua kwamba iko ndani ya mtu."

"Hiyo neno 'inajua' ni yako. Mimi nasema inabadilika." Akavua miwani akaifuta kwa koti lake jeupe. "Na si hiyo peke yake. Ile ukungu mweupe ya mdomo ya watoto wachanga, hiyo nayo ikisikia hiyo hewa inatoa nyuzi ndefu. Mbung'o wa bonde la Lambwe anafuata pumzi ya ng'ombe. Pumzi yetu inatangaza sana, Nyar Kuria."

Nilirudi wodini nikiwa nimejaa habari, na hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Tata alikuwa amekaa kitandani, mama akimmenyea chungwa. Nikawasimulia: mtungi, mshumaa, mwali unaojizima, kuvu iliyofungiwa. Nilisimulia vizuri. Nikafika mahali ambapo mshumaa unazimika, na muuguzi akaja na sindano, na Tata akaanza kuuliza saa ya chakula, na habari ikaishia hapo. Sehemu ya koti sikuifikia. Mwanahabari mzima nikakatiza habari kabla ya aya ya mwisho, nikajisahau.

Tata alicheka. "Mshumaa? Hiyo si ya mama yako?"

"Ni yangu," mama alisema. "Kumbe hata hospitali wanatumia."

Mama huhifadhi mahindi kwenye pipa la bati lenye mfuniko. Mafundi wa Kegonga huyatengeneza mapipa hayo, makubwa kwa madogo. Mahindi yakishakauka vizuri, unayamimina, unaweka mshumaa uliowashwa juu yake kwenye kisahani, unafunga mfuniko, unaziba ukingo kwa mpira wa tairi la baiskeli uliovutwa sana, na kuupaka sabuni au mafuta palipo na ufa. Mshumaa unazimika. Fukusi na dumuzi waliokuwa wamejificha kwenye punje wanakosa hewa. Baada ya majuma mawili unafungua, na unawakuta chini wamekauka. Hii ni kazi ya wanawake wa kwetu, na mama huifanya vizuri kiasi kwamba majirani humwita aje kuzungushia mpira.

"Sasa inakufa siku ngapi, hiyo kuvu?" mama aliuliza.

Nilikuwa nikitafuta kalamu yangu chini ya kitanda. Nadhani nilisema, "Ah, mama, hiyo ni ya maabara." Mama alilichukua hilo kama jibu la mtu aliyeshiba elimu, akaendelea na chungwa lake.

Tata aliruhusiwa kurudi nyumbani na mfuko wa tembe za kumeza kwa miezi mingi. Daktari alisema asilale tena chini ya njiwa wala asifagie dari. Wote tuliitikia kwa vichwa. Niliwasindikiza hadi Migori, nikarudi kazini.

Alhamisi moja, kama majuma matatu baadaye, mama alinipigia simu akiwa na furaha.

"Njiwa tumewatoa," alisema. "Jirani amejenga kibanda juu ya mlingoti mrefu, ameufunga bati katikati, nguchiro hapandi. Dari imefagiwa. Mimi nilijifunga leso mdomoni."

"Na Tata?"

"Alikuwa kwa dada yake siku hiyo. Sisi si wajinga." Kisha akatoa alilokuwa amelihifadhi. "Na yale mavi yote hatujatupa. Gunia tatu. Nimeweka kwa lile pipa dogo, nikaweka mshumaa, nikafunga na mpira mara mbili. Zinatimiza siku kumi na nne Jumapili. Tata anafungua mwenyewe, anaweka kwa sukuma wiki."

"Kwa nini afungue mwenyewe?"

"Ni mbolea yake. Tangu arudi amekaa kwa kiti kama mgeni. Watu wanampita wanasema pole mzee, pole mzee. Anahesabu siku za hiyo pipa kama mtoto anayengoja sikukuu. Mwache akamate kitu."

Nilimwambia wasiliguse hadi nimpigie. Akasema sawa, lakini kwa sauti ya mtu asiyeona sababu. Nikakata simu nikaenda maabara karibu mbio.

Mtaalamu alikuwa anafunga. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Hakucheka. Aliketi tena.

"Mama yako ana akili sana," alisema. "Kwa fukusi ni kweli kabisa. Fukusi anapumua, ukimnyima hewa anakufa."

"Na kuvu?"

"Pipa ya mavi sijawahi kupima. Hakuna mtu nimesikia amepima, kwa hiyo nikikuambia najua nitakuwa nadanganya." Alizungusha kamba ya miwani kwa kidole. "Lakini sikia. Hizi kuvu si zote ni sawa. Ziko nyingi huko kwa miti na kwa mavi, hiyo hewa nzito zinaichukia, zikiwekwa ndani zinashindwa kukua. Ziko zingine zinaivumilia. Hizo zinaivumilia ndizo tunakutana nazo kwa wodi. Sasa ukichukua gunia tatu ukafungia pamoja na mshumaa..."

Hakumalizia. Nilimalizia mwenyewe. Pipa la mama lingeweza kuwa chujio, na yatakayobaki ndani yake yawe yale yaliyoshazoea hewa ya kifuani.

"Ama pengine kumi na nne ni kidogo na hakuna kitu imebadilika," aliongeza. "Hiyo siwezi kuapia. Ile naweza kuapia ni vumbi. Mzee akiinama na kung'oa mfuniko, vumbi inamkuta usoni, na kinga yake bado haijarudi. Hapana kufungua ikiwa kavu. Maji kwanza, maji mengi. Na asiwe yeye."

Nilimpigia mama Ijumaa asubuhi, simu haikushika. Mchana ilishika, ikakatika. Jua lilipotua Sabato ilianza, na mama huzima simu hadi jua la Jumamosi litue. Hilo tangu anunue simu hajalivunja hata mara moja. Jumamosi jioni nilijaribu tena nikaambiwa simu haipatikani. Baadaye nilijua kwamba haikuwa na chaji, na duka linalochaji simu ni la Msabato pia, lilikuwa limefungwa. Jirani naye ni wa kanisa hilohilo. Niliandika ujumbe mrefu, nikaufuta, nikaandika mfupi: Msifungue. Kisha nikafunga mkoba, nikaenda kulala Migori, na Jumapili asubuhi mapema nikaendelea kupanda Kegonga.

Nilipofika langoni niliwaona kabla hawajaniona. Pipa lilikuwa uani, limewekwa juu ya matofali mawili. Tata alikuwa kwenye kigoda kando yake, kofia ya kanisani kichwani, kisu kidogo cha kukatia mpira kikiwa juu ya goti. Amekonda, shati likimpwaya mabegani. Mama alikuwa anatoa ndoo nyumbani.

"Tata, ngoja," nilisema.

"Ona huyu," alisema kwa furaha. "Umekuja kuona mbolea? Fika basi, nilikuwa ninangoja umande ukauke."

Umande ndio uliotupa nafasi. Tata hapendi kugusa mboga zenye maji. Bila mazoea yake hayo ningekuta pipa limefunguliwa.

Nilimwomba asogee. Alikataa. Nikaeleza, na mara hii nilieleza yote: hewa ya ukaa, ndugu ya magadi, koti la utelezi, kuvu zinazokufa na zile zisizokufa. Mama alisimama na ndoo yake mkononi. Uso wake uliniuma kutazama.

"Kwa hiyo nimewapikia?" aliuliza. "Nimewafungia ndani wakule washibe?"

"Hakuna anayejua, mama. Na si wewe. Ni mimi nilikupa habari nusu."

"Fukusi wanakufa," alisema polepole, kama mtu anayehakikisha kwamba bado kuna kitu anachokijua.

"Fukusi wanakufa. Hiyo hewa kwa fukusi ni kifo. Kwa kuvu hii ni kama kuambiwa: umefika kwa mtu."

Tata aligeuza kisu mara mbili juu ya goti. "Mmeniambia nisilale kwa chumba yangu," alisema. "Nimehama. Mmeniambia nisipande dari. Sipandi. Njiwa wako juu ya mlingoti kama bendera, siwasikii tena usiku. Tembe za goti nimeacha, natembea kama bata. Sasa pipa pia."

Mama aliweka ndoo chini.

"Wewe ulisahau ng'ombe," alimwambia. "Mimi ndiye nilisimama pale ukisahau. Nipe hicho kisu."

Tata alikifuta kisu kwenye goti. Kisha akampa kisu, akainuka kwa shida, akasogea hatua tatu. Nikamwomba aende mbali zaidi. Akaenda hadi kwenye pembe ya zizi, akageuka, akalowesha kidole mate akakiinua juu.

"Upepo unatoka huku kwangu," alisema. "Hapa nitakaa. Na nyinyi hamtafungua vile mnataka. Mtafungua vile nitasema."

Tulifanya alivyosema, na alisema vizuri kuliko mimi. Jirani aliitwa. Kwanza likachimbwa shimo chini ya mgomba, ng'ambo ya pipa, hadi kiunoni. Tukajifunga vitambaa vilivyoloweshwa puani na mdomoni. Mama akatandika gunia lililolowa maji juu ya mfuniko, akapitisha mkono chini yake, akaukata mpira aliokuwa ameuzungusha mara mbili kwa mikono yake mwenyewe. Jirani akasogeza mfuniko upana wa kiganja, gunia likiwa bado juu, nami nikamimina ndoo ya kwanza.

"Polepole," Tata aliita kutoka zizini. "Usirushe. Pitisha kwa ukingo."

Ndoo ya pili. Ya tatu.

"Bado. Mavi ya njiwa yanakunywa kama mlevi. Ongeza."

"Tata, imejaa," nilisema.

"Imejaa juu. Chini ni kavu. Nani amekaa na hiyo mbolea miaka yote, wewe na redio yako?"

Jirani alicheka chini ya kitambaa chake. Tuliongeza. Maji yalipoonekana ukingoni, yalikuwa meusi, na kitu cheupe kikaibuka polepole kikaelea: mshumaa wa mama. Ulikuwa karibu mzima. Umeungua ncha tu.

Tulipindua pipa shimoni, tukasuuza, tukafukia kwa udongo na majivu, mama akakanyaga juu kwa viatu vya mvua. Hakuna vumbi lililoruka. Sukuma wiki ilibaki bila mbolea msimu ule, na Tata alimwagiza jirani amletee samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, akamwonyesha kwa fimbo, mstari kwa mstari, pa kuiweka.

Jioni tulikaa uani. Alitaka kujua mengine. Kuvu ilikuwa inamtafuta yeye? Nikamwambia hapana, ilikuwa darini kwa mambo yake, pengine hata huko kwenye udongo kuna viumbe vidogo vinavyotaka kuila na koti hilo huifaa. Mbona mama hakuugua, naye alilala chumba kilekile? Kwa sababu mwili wa mama ulikuwa na walinzi macho. Na je, kuna dawa ya kuifanya kiziwi, isisikie hiyo hewa? Nikasema nimeuliza swali hilohilo maabara, na nimeambiwa wako watu wanaolifikiria. Aliridhika na hilo kuliko nilivyoridhika mimi.

Mshumaa nilikuwa nimeutupa kwenye shimo pamoja na vingine. Tata aliusikitikia kidogo. "Ulikuwa na nta yote," alisema. "Haukuishiwa nta. Uliishiwa hewa."

Halafu akainua kiganja chake mbele ya mdomo, akapumulia ndani yake, pole, mara moja, akakitazama kama mtu aliyeshikishwa kitu.

"Ni hii?" aliuliza. "Ni hii ndiyo ilisikia?"

"Ni hiyo."

Alipumua tena, akanusa kiganja. Mama alitoka ndani na kikombe cha maji na tembe zake mbili za jioni, akasimama mbele yake hadi azimeze zote.